Kizibo Kimoja

Tangi niliachiwa na mpiga mbizi aliyehama Shangani:
kioo cha futi nne, pampu mbili, taa ya buluu,
matumbawe matatu laini, kitatange mwenye kiburi
na vijisamaki saba visivyo na habari naye.
Mimi fundi friji. Nilidhani maji ni maji,
ukishajua kuyapoza umeyajua.

Mwezi wa pili ukaja mwani.
Kwanza utando wa kijani pembeni mwa kioo,
kama masharubu ya kijana wa darasa la saba,
kisha nywele, nywele kabisa,
zikalilalia jiwe, zikaliziba tumbawe dogo macho
(tumbawe halina macho, lakini ungeliona ungesema hivyo).

Nikaung'oa kwa mkono. Nikausugua kwa mswaki mkuukuu.
Nikachota bahari kwa madumu, maji yakiwa yamejaa,
dumu nne kila Ijumaa, napandisha ngazi,
majirani wa Chikongola wakiniuliza
nafungua kiwanda cha chumvi lini.
Nikaleta konokono kumi na wawili. Wakala, wakalala.
Maji yakipungua nikajazia yanayodondoka kiyoyozini,
safi kama machozi, nikajisifu;
shaba iliyomo ikaua kamba wangu wote usiku mmoja.
Mwani haukufa. Mwani ulinenepa.

Mama alikuwa akitazama kutoka mkekani.
Miaka kumi na tisa alipanda mwani kule Naumbu,
maji kiunoni, akifunga vitawi kwenye kamba,
kitawi, fundo, kitawi, fundo,
mpaka magoti yakamwambia basi.
Ada yangu ya chuo cha ufundi ilianikwa juu ya chanja.
"Wenzio tuliuomba uote," akasema,
"wewe unautukana."
Halafu: "Ila huo wako hauna bei. Mwembamba.
Hata Chinyuka asingeupima."
Chinyuka alikuwa mnunuzi. Mzani wake ulikuwa na maradhi.

Nikaagiza vichupa vya kupimia.
Matone matano, tikisa, subiri.
Maji yaliyopaswa kubaki meupe
yakawa rangi ya maji ya kuoshea samaki.
Naitreti. Chakula kinachooza.
Lakini mimi nalisha mara moja kwa siku, chembe za kuhesabu!
Nikamshuku kitatange. Nikaishuku bahari yenyewe.

Ndipo usiku mmoja umeme ukakatika.
Niliamka kuhangaikia pampu,
nikamkuta Mama gizani amepiga magoti,
magoti yale yale,
anamega ugali wa jana, tonge dogo dogo, anaudondosha majini,
na kipande cha dagaa kwa ajili ya yule mwenye kiburi.
"Wananiangalia midomo wazi," akasema.
"Nile peke yangu, mimi ni nani?"

Nilikuwa na hotuba nzima ya fosfeti.
Nikakaa chini.
Pampu zilikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza nikasikia
anavyowaita: Esha, Salima Likumbo, Binti Nalinga,
majina ya wanawake wa kamba yake.
Wawili kati yao tumeshawazika.

Sasa kuna kizibo cha soda juu ya tangi.
Chakula kizibo kimoja kwa siku, na mkono ni wake, si wangu.
Taa nimeishusha toka saa kumi hadi sita.
Madumu kila Ijumaa. Maji ya kujazia nanunua, yaliyochujwa.
Na yeye ndiye anayeng'oa,
anasokota nywele za kijani kwa vidole viwili
kama anamfumua mtoto msuko wa wiki iliyopita,
anazianika dirishani, sijui kwa nini, sijamuuliza.

Mwani umepungua. Tumbawe dogo limefunguka.
Nyuma ya jiwe tu, mahali mswaki wangu haufiki,
kimebaki kishungi kimoja, kizuri, kinene.
Jana nimekimulika kwa tochi.
Kimefungwa kwenye uzi.
Fundo ni la Naumbu.